Kamusi tatu za Kiingereza kwenye kipimo cha "kataa", "harufu" na "mbichi"

Mteja amekataa mzigo. Ni sentensi ya kawaida kabisa kwenye ofisi za viwanda vya minofu ya sangara hapa Mwanza, na Kiswahili kinaimaliza kwa kitenzi kimoja. Kiingereza kinamtaka karani achague: "refused", "rejected", "declined" au "denied". Kila kimoja kinampeleka msomaji upande wake, na mnunuzi aliyeko Ulaya hawezi kukaa akikisia ulikusudia nini.

Hiyo ndiyo kazi tuliyozipa kamusi tatu: Oxford Advanced Learner's Dictionary, Longman Dictionary of Contemporary English na Collins COBUILD. Zote ni za Kiingereza kwa Kiingereza, zimetungwa kwa ajili ya mtu anayejifunza, na zote zinasomeka bure mtandaoni. Hatukuzipima kwa wingi wa maneno wala uzuri wa jalada. Swali lilikuwa moja: maneno mawili yanapofanana kwa Kiswahili, kamusi inamwonyeshaje mtu wa Igoma au Nansio lipi liende wapi?

Kwanza tuiweke mahali pake Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1996. Mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza, ambako masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza, anaihitaji, na tunampendekezea bila kusita. Lakini kamusi ya lugha mbili hutoa visawe, na kisawe hakina nafasi ya kueleza tofauti. Unafungua "refuse" unakuta kataa, unafungua "reject" unarudi palepale. Si kosa la watunzi, ndivyo kamusi za aina hiyo zilivyo. Mtu akiishia hapo atayatumia maneno hayo kana kwamba ni pacha.

Katika zile tatu, Oxford ndiye mkongwe. A. S. Hornby aliiandaa akifundisha Japani, ikachapishwa Tokyo mwaka 1942, kisha Oxford University Press wakaitoa upya mwaka 1948. Toleo la 10 ni la mwaka 2020. Longman ilianza mwaka 1978 kwa sharti gumu: fasili ziandikwe kwa maneno ya kawaida yapatayo 2,000 tu. COBUILD ilitoka mwaka 1987 kutokana na mradi wa Chuo Kikuu cha Birmingham ulioongozwa na John Sinclair, na ikaachana na fasili za mkato. Yenyewe inalieleza neno kwa sentensi kamili, mara nyingi ikianza na "If you…", yaani ukifanya hivi ndiyo umefanya hivyo.

Sasa twende kwenye "kataa", maana hapo ndipo kamusi hizi zinapoachana.

"Refuse" inahitaji ombi au kitu kilichotolewa. Mtu ameambiwa afanye, akagoma. Au amepewa, hakupokea. Muundo wake ni "refuse to" na kitenzi: "The driver refused to sign", dereva aligoma kusaini. "Deny" ni kukana. Jambo limeshasemwa au mtu ameshatuhumiwa, naye anasema si kweli: "The driver denied signing", dereva alisema hakusaini. Waweza kuona hatari iliyopo. Ukiandika "denied" pale ulipotaka "refused", umeshamtia dereva kwenye tuhuma ambayo haikuwepo. "Deny" ina maana nyingine pia, kunyima, kama mtu aliyenyimwa kibali cha kuingia bandarini, na ni maana hiyo ya pili inayowachanganya wengi kwa sababu wanasoma maana namba moja kisha wanafunga kamusi.

"Reject" ina ukaguzi ndani yake. Kitu kimeangaliwa, kikapimwa, kikaonekana hakifai. Mzigo uliokaguliwa ukakutwa na joto lisilotakiwa umekuwa "rejected". Mzigo ambao mpokeaji hakutaka hata kuushusha kwenye gari, bila kuufungua, umekuwa "refused". Tofauti hiyo ina uzito: neno la kwanza linagusa ubora wa samaki wako, la pili huenda linahusu karatasi au ucheleweshaji tu. "Decline" ni kukataa kwa adabu na kwa lugha rasmi. Mtu ana-"decline" mwaliko, ofa, au kutoa maoni kwa waandishi wa habari. Mteja aliye-"decline" leo unaweza kumrudia mwezi ujao, hamjakosana. Neno hilohilo lina maana ya kupungua, ndiyo maana ripoti za uvuvi zimejaa "decline" na hakuna aliyekataa chochote.

Kwa familia hii, Longman ndiyo mshindi. Inatanguliza muundo wa sentensi kwa herufi nzito kabla ya mfano, hivyo unaona "refuse to do something" na "deny doing something" hata kabla hujasoma maelezo. Tena ina visanduku vya "Thesaurus" vinavyoyaweka pamoja maneno ya ukoo mmoja na kulitenga kila neno kwa mstari wake na mfano wake. Mwanafunzi halazimiki kuruka kutoka ukurasa wa D hadi wa R akiwa ameshika kidole kila mahali. Oxford nayo ina visanduku vya namna hiyo, na vingine vyenye kichwa "Which Word?" kwa maneno yanayogongana kwa sura, kama "classic" na "classical". Ni vizuri, ila mwanafunzi wa kidato cha pili ataviona vizito, kwa kuwa Oxford inafasili kwa akiba ya maneno iliyo kubwa kuliko ya Longman.

COBUILD inafanya vizuri kwa namna yake. Kwa kuwa inafasili kwa sentensi, inakuonyesha nani kwa kawaida ndiye mtendaji na nini hutendewa. Kwenye vitenzi hiyo ni faida kubwa. Unajua kwamba anaye-"reject" ameletewa pendekezo au ombi, bila kuambiwa kwa istilahi za sarufi. Walimu wa shule za kata wangefaidika sana na mtindo huo ubaoni, kwa sababu unamfundisha mtoto neno likiwa kazini.

Jambo moja zote tatu zinalifanya na wasomaji wanalipita: matamshi. "Refuse" ikikazwa silabi ya pili ni kitenzi, kukataa. Ikikazwa silabi ya kwanza ni nomino, na maana yake ni takataka. "Reject" vilevile: silabi ya pili ikikazwa ni kitenzi, ya kwanza ni kitu kilichokataliwa, kama samaki waliotolewa kwenye mstari wa kiwandani. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, kwa hiyo sikio letu halijazoea mkazo ubadilishe maana. Kwenye tovuti za kamusi hizi kuna alama ya spika, sauti ya Uingereza na ya Marekani. Bonyeza. Ni sekunde mbili tu.

Kipimo cha pili kilikuwa "harufu", na hapa matokeo yalibadilika.

Kiswahili kinaibeba tofauti kwenye kitenzi: chakula kinanukia, mtaro unanuka. Kiingereza kinaibeba kwenye uchaguzi wa nomino. "Smell" ni la katikati, lakini angalia: ukisema "The fish smells" bila kuongeza neno, umesema samaki ananuka. "Aroma" ni ya chakula na vinywaji, kahawa ya Bukoba ikichemka. "Fragrance" ni ya sabuni na manukato. "Scent" ni ya maua, na pia ni harufu anayoiacha mnyama akipita, neno ambalo mwongoza watalii wa Saanane au Serengeti analihitaji kila siku. "Odour" ni rasmi. Mtaani likitumika mara nyingi harufu si nzuri, lakini kwenye fomu za ukaguzi wa samaki ni neno la kitaalamu tu, halitukani wala halisifu. "Stink" na "stench" ni uvundo. La kwanza ni la mazungumzo, la pili ni zito zaidi na hulikuta kwenye maandishi.

Hapa sharti la Longman la maneno 2,000 linaonyesha gharama yake. Fasili za "stink" na "stench" zinakaribiana mno, kwa sababu kwa msamiati mdogo hivyo zote mbili zinaishia kuwa harufu mbaya sana. Msomaji asipoangalia mifano na alama ya "informal" hataona tofauti. Oxford inamsaidia zaidi, kwani alama zake za matumizi ni nyingi na zimewekwa kwa uangalifu: "formal", "informal", "literary", "old-fashioned", na mbili ambazo kwetu ndizo roho ya jambo lenyewe, "approving" na "disapproving". Hizo mbili zinakuambia kama msemaji anasifu au anaponda.

Tusimame kwenye hizo alama kidogo, maana ndizo zinazoumiza watu bila wao kujua. Nyumba ya wageni ikiandika "cheap rooms" kwenye bango, mtalii anaweza kusoma kwamba vyumba ni vya hali ya chini, wakati mwenye nyumba alitaka kusema bei nafuu. "Affordable" au "inexpensive" ingemtosha. Kumwambia mgeni "You are skinny" ni kumwambia amekonda vibaya. "Slim" ni sifa, "thin" iko katikati ikielekea kubaya. "Childlike" ni moyo safi kama wa mtoto, "childish" ni utoto kwa mtu mzima. Na kwenye barua za kikazi, "I demand" ni kudai kwa ukali, wakati Mtanzania aliyezoea kusema naomba alitaka "I would like to request". Makosa haya hayakatwi maksi na sarufi. Sentensi iko sawa kabisa, na mwandishi hataambiwa kilichoharibika, atashangaa tu kwamba hakujibiwa.

Ndiyo maana tunapinga kabisa zile programu za simu zinazotoa orodha ya visawe bila maelezo. Mwanafunzi anatafuta neno zuri badala ya "thin", anapewa "skinny, slender, lean, bony" kwenye mstari mmoja, anaokota linalosikika la kisomi. Orodha ya visawe humfaa aliyekwisha kuyajua maneno hayo na kayasahau tu. Anayejifunza inampotosha.

Kipimo cha tatu, "mbichi", kilikwisha haraka. Samaki mbichi ni "fresh fish" kama unamaanisha hajagandishwa wala hajakaa, ni "raw fish" kama hajapikwa. Ndizi mbichi ni "green" au "unripe". Kuni mbichi ni "green" pia. Mgahawa wa ufukweni ukiandika "raw sato" kwenye menyu, mgeni atadhani analetewa samaki asiyepikwa. Njia ya kujinasua ni kutafuta kinyume: "raw" kinyume chake ni "cooked", "fresh" ina vinyume vingi kutegemea inakaa na nini, "frozen" kwa samaki, "stale" kwa mkate, "salt" kwa maji. Oxford na Longman zote huonyesha vinyume kwa alama ya OPP, kifupi cha "opposite". Kwa maneno ya sifa, soma kinyume kabla ya fasili, utaokoa muda.

Sasa suala la kununua.

Kama una simu na bando, anza na tovuti. Ya Longman ndiyo tunayoiweka ya kwanza kwa mtu wa sekondari hadi chuo mwaka wa kwanza, kwa sababu lugha ya fasili ni nyepesi na mifano ni mingi. Anayeandika ripoti, barua za nje au tasnifu, kwenye vyuo vya Malimbe au Bugando, ahamie Oxford kwa ajili ya alama za matumizi. Tovuti ya Collins ina kero moja: chini ya maelezo ya COBUILD, ukurasa uleule unaendelea na kamusi nyingine za Collins zilizotungwa kwa wenye lugha, za Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani. Msomaji anashuka bila kugundua kwamba ameshatoka kwenye kamusi yake, anakutana na fasili ngumu, anakata tamaa. Simama mwisho wa sehemu ya COBUILD.

Karatasi bado ina maana kwa mtu wa visiwani, Ukara au Kome, au shule yoyote ambayo mtandao unakatika na umeme si wa uhakika. Lakini ukinunua mitumba au kwenye meza za vitabu mjini kati, kagua kabla hujatoa hela. Fungua ukurasa wa hakimiliki uone toleo na mwaka; jalada linaweza kubadilishwa, ukurasa huo hudanganya mara chache zaidi. Angalia alama za matamshi: kwenye nakala zilizodurufiwa zinavia wino, na hapo nusu ya thamani ya kamusi imekwenda. Longman huchapa maneno yanayotumika sana kwa rangi nyekundu. Ukiona kurasa zote ni nyeusi tupu umeshika kopi au toleo la zamani, na umepoteza ishara ya haraka ya lipi ujifunze kwanza. Geuza kurasa katikati ya kitabu, karibu na M na P, uone kama namba zinafuatana. Na namba ya siri ya kufungulia huduma za mtandaoni inayokuja na matoleo mapya, kwenye kitabu kilichokwisha kutumika ihesabu kuwa imekufa, usiilipie.

Usinunue nakala ya miaka ya tisini kwa sababu tu ni rahisi. Tofauti za kukataa na kunuka hazijabadilika, lakini alama za adabu zimebadilika. Maneno ya kuwataja watu wenye ulemavu, kwa mfano, yaliyokuwa ya kawaida zamani leo yamewekewa alama ya "offensive". Nakala ya zamani haitakuonya.

Asiyeweza kununua aende Maktaba ya Mkoa. Vitabu vya rejea kwa kawaida haviazimwi, kwa hiyo nenda na daftari na orodha ya maneno yako tayari, si kwenda kuanza kufikiri ukiwa pale.

Namna ya kufanya kazi yenyewe haina siri. Chukua neno moja la Kiswahili linalokusumbua. Kwenye kamusi ya TUKI kusanya maneno ya Kiingereza matatu au manne yanayolikaribia, si zaidi, yakizidi utachoka. Fungua kila moja kwenye Longman au Oxford na usome kwa mpangilio huu: alama ya matumizi, muundo wa sentensi, mifano miwili, kinyume, fasili mwisho. Ndiyo, fasili mwisho, kwa sababu ndiyo inayofanana zaidi kati ya neno na neno. Kisha tunga sentensi moja kwa kila neno ukitumia jambo lilelile, kwa mfano mzigo uleule wa sangara na mteja yuleyule. Jambo likibaki moja, tofauti inayoonekana ni ya neno peke yake. Watu wengi hukosea hapa: wanatunga sentensi nne za mambo manne, na mwisho hawajui kilichobadilika ni neno au ni habari. Rudia baada ya siku chache bila kufungua kamusi.

Kuna eneo moja ambalo zote tatu zinamwangusha mtu wa ziwa, na ni eneo la mkate wake. Majina ya samaki. Dagaa wa Ziwa Victoria watu huwaita "sardines" kwa Kiingereza, wakati si ukoo wa sardini kabisa. Wako kwenye kundi moja na samaki aitwaye ningu, na jina la kitaalamu ni Rastrineobola argentea. Kwenye hati za biashara andika "dagaa" kama lilivyo, ukiambatanisha jina hilo la kisayansi au "silver cyprinid". Sangara ni "Nile perch", Lates niloticus. Ukiandika "perch" peke yake Mzungu atafikiria samaki mwingine mdogo wa kwao. Sato ni "Nile tilapia", Oreochromis niloticus. Mabondo, yaani vifuko vya hewa vya samaki, nayo yana mtego. Yakiwa ndani ya samaki ni "swim bladder". Yakishatolewa na kukaushwa kwa ajili ya soko la Asia ni "fish maw". Ukilitafuta "maw" kwenye kamusi za wanafunzi, unachokutana nacho kwa kawaida ni mdomo mkubwa unaomeza au tumbo la mnyama, na muuzaji anaweza kulifuta akidhani kakosea. Asilifute. Kwa maneno ya namna hii soma hati za Idara ya Uvuvi na ankara za wanunuzi wenyewe, ujitengenezee orodha nyuma ya daftari: jina la Kiswahili, jina la biashara kwa Kiingereza, jina la kisayansi, na hali ya bidhaa, kama ni "fresh", "chilled", "frozen", "smoked" au "dried". "Chilled" na "frozen" usizichanganye: la kwanza ni samaki wa kwenye barafu ambaye hajaganda, la pili ameganda hadi katikati.